Kuvu za Mizizi na Trufeli: Kwa Nini Kupanda Miti Hakutoshi Kurejesha Msitu



 

Lengo la mhadhara huu ni kueleza yale ambayo utafiti wa takribani miaka 140 umeyabaini kuhusu kuvu zinazoishi kwenye mizizi ya miti, na hasa kundi lile la kuvu ambalo matunda yake hukua chini ya ardhi na kuitwa trufeli. Dai kuu litakalotetewa ni kwamba msitu ni ushirika wa miti, kuvu na wanyama, na kwamba anayepanda miti bila kuwajali washirika wake hupata shamba la miti, ambalo lina faida zake, lakini hajarejesha msitu. Dai hilo litajengwa kwa hoja sita, na kila hoja itafuatiwa na mifano ili msikilizaji apate kulipima mwenyewe.

Hoja ya kwanza: mti haujilishi peke yake

Kuvu si mmea wala si mnyama. Haina ile rangi ya kijani inayoiwezesha mimea kujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, kazi iitwayo usanisinuru, na kwa hiyo hulazimika kukipata chakula chake kwingine. Uyoga unaochipuka baada ya mvua ni tunda la kuvu tu, ambalo kazi yake ni kutoa spora, yaani chembe ndogo mno za uzazi. Mwili wenyewe wa kuvu ni nyuzi nyembamba zilizotandaa ndani ya udongo, majani makavu au gogo linalooza, nazo huendelea kuishi baada ya uyoga kunyauka. Ziko kuvu zinazoozesha mabaki ya viumbe, ziko zinazoshambulia viumbe hai, na ziko zinazoungana na mizizi hai na kubadilishana nayo mahitaji. Muungano huo wa tatu ndio uitwao mikoriza, na sehemu kubwa ya mimea ya nchi kavu huishi ndani yake.

Mikoriza za aina mbili ndizo zinazohusu zaidi misitu. Katika aina ya kwanza nyuzi za kuvu huingia ndani ya seli za mzizi na kugawanyika humo katika matawi madogo madogo ambamo ubadilishanaji hufanyika. Aina hii ni ya kale sana, kwani visukuku vya Rhynie huko Scotland, vyenye umri wa zaidi ya miaka milioni 400, vinaonyesha kuvu ndani ya mimea ya mwanzo ya nchi kavu ambayo ilikuwa bado haina mizizi kamili. Mahindi, kahawa, mvule na mninga ni wa kundi hili. Katika aina ya pili, iitwayo ektomikoriza, nyuzi haziingii ndani ya seli, bali huivika ncha ya mzizi kama soksi inavyouvika mguu, kisha hupenya baina ya seli za nje na kufanya wavu unaoitwa wavu wa Hartig, kwa jina la Theodor Hartig, Mjerumani aliyeueleza mwaka 1840 kabla haijafahamika kwamba wavu huo ni kuvu. Misonobari, mialoni na miti mikuu ya miombo ni wa kundi hili la pili. Uchambuzi wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2019 ulikadiria kwamba mimea ya ektomikoriza, ingawa ni asilimia 2 tu ya spishi zote za mimea, hufanya takribani asilimia 60 ya mashina yote ya miti duniani.

Anayetaka kuiona ektomikoriza hahitaji maabara kubwa. Chini ya msonobari, au chini ya mtundu katika pori la Tabora, majani makavu hufukuliwa kwa mkono hadi kwenye mboji, vizizi vyembamba vikatwe, vioshwe taratibu ndani ya bakuli la maji, kisha vitazamwe kwa lenzi ya mkononi. Ncha zilizovikwa kuvu huonekana fupi na nene, hazina vinyweleo, na rangi zake hutofautiana: nyeupe, manjano, kahawia, hata nyeusi tititi, kutegemea kuvu iliyozivika. Ncha nyeusi na ncha nyeupe zikikutwa jirani kwenye mzizi mmoja, huo ni ushahidi kwamba mti mmoja una washirika zaidi ya mmoja kwa wakati uleule.

Faida ya ushirika huo inaeleweka kwa urahisi mtu akikumbuka kwamba fosforasi, madini ambayo mti hauwezi kuishi bila ya hayo, hunasa kwenye chembe za udongo na haiufuati mzizi. Mzizi ukishamaliza iliyo karibu nao, hauna budi kuifuata iliyo mbali, lakini kuotesha mizizi mipya ni gharama kubwa. Nyuzi za kuvu, zilizo nyembamba kuliko hata vinyweleo vya mzizi, huifikia kwa gharama ndogo katika vijitundu ambavyo mzizi haupiti. Kuvu nyingi za ektomikoriza huweza pia kuipata nitrojeni iliyofungwa ndani ya majani yanayooza. Kwa huduma hizo mti hulipa sukari, na malipo si haba: utafiti uliochapishwa mwaka 2023 ulikadiria kwamba mimea duniani huzipa kuvu za mikoriza kila mwaka kaboni inayolingana na takribani tani bilioni 13 za hewa ya ukaa, kiasi kinachokaribia asilimia 36 ya ile inayotolewa kwa mwaka kwa kuchoma makaa ya mawe, mafuta na gesi. Izingatiwe kwamba hicho ni kiasi kinachoingia katika kuvu. Sehemu yake hurudi hewani, na ni kiasi gani hubaki udongoni kwa muda mrefu ni swali ambalo watafiti wangali wakilifanyia kazi.

Hoja ya pili: elimu hii ilizaliwa kutokana na trufeli

Trufeli ni tunda la kuvu linalokomaa chini ya ardhi, mara nyingi sentimita chache tu kutoka uso wa ardhi. Ile maarufu zaidi kwa biashara, Tuber melanosporum, hukua kusini mwa Ulaya kwenye mizizi ya mialoni na ya miti ya hazeli. Kwa nje ni nyeusi yenye chunusi chunusi, na ikikatwa huonyesha nyama nyeusi iliyopitiwa na mishipa myeupe. Mti unaoizaa hutambulika kwa duara la ardhi iliyo karibu tupu kuzunguka shina lake, kwa kuwa kuvu hiyo hudhoofisha nyasi na magugu yaliyo jirani.

Kwa karne nyingi watu wa Ulaya waliichimba bila kujua namna ya kuipanda. Mwanzoni mwa karne ya 19, mkulima aitwaye Joseph Talon, wa Vaucluse kusini mwa Ufaransa, alipanda mbegu za mialoni iliyokuwa ikitoa trufeli, na baada ya miaka kadhaa akazikuta trufeli chini ya miti hiyo michanga. Alikuwa amegundua kwa vitendo kwamba kuvu na mti haviachani, ingawa sababu yake haikujulikana. Sababu hiyo ilikuja kuelezwa Berlin. Serikali ya Prussia ilimpa mtaalamu wa mimea Albert Bernhard Frank kazi ya kuchunguza kama trufeli zingeweza kuzalishwa katika ardhi yake. Frank alichunguza mizizi ya miti mingi ya misitu na kukuta kwamba ncha zake zimevikwa kuvu kila mahali bila mti kuonyesha dalili ya ugonjwa. Mwaka 1885 alichapisha hoja kwamba kuvu hiyo ni mlezi wa mti katika maji na madini, na akaupa muungano huo jina la mikoriza, kutokana na maneno ya Kigiriki ya kuvu na mzizi. Wenzake wengi walimpinga, kwa kuwa walizoea kuiona kila kuvu iliyoshika mmea kuwa ni ugonjwa. Naye akawajibu kwa majaribio ya miche ya misonobari, ambayo ilidhoofika katika udongo uliochemshwa ili kuua viumbe vyake na kustawi katika udongo usiochemshwa.

Prussia haikupata kilimo cha trufeli, lakini dunia ilipata elimu iliyobadilisha namna ya kuutazama mti. Kilimo chenyewe kilifanikiwa kwa uhakika zaidi katika miaka ya 1970, watafiti wa Ufaransa na Italia walipoweza kuiambukiza miche kuvu hiyo kitaluni, wakaikagua mizizi yake, kisha wakaitoa kwa wakulima. Leo trufeli nyeusi huvunwa katika mashamba ya miti ya Hispania na hata Australia, ambako kuvu hiyo haikuwako kwa asili.

Hapa msikilizaji anayelima uyoga atauliza, na ana haki ya kuuliza, kwa nini pawe na shida yote hiyo wakati uyoga mamama huoteshwa kwenye mifuko ya mabua au pumba za pamba ndani ya chumba cha giza. Jibu ni kwamba mamama ni kuvu inayoozesha, na chakula chake ni mabua yenyewe. Trufeli, pamoja na uyoga mwingi wa porini unaopendwa katika miombo, hulishwa na mti ulio hai. Mti ukikatwa na mizizi yake ikafa, meza ya chakula imeondolewa. Uyoga mkubwa uotao kwenye vichuguu nao uko mbali na kundi hili, kwa sababu hulishwa na mchwa na wala si mizizi.

Trufeli haziko Ulaya peke yake. Wazungumzaji wa Kiswahili waishio Oman na nchi nyingine za Ghuba wanazijua trufeli za jangwani, ambazo Waarabu wa huko huziita faga, na ambazo zimetajwa katika Hadithi za Mtume. Mshirika wa kuvu hizo si mti mkubwa. Ni vichaka vidogo vya jamii ya Helianthemum, na mavuno yake hufuata mvua za mwanzo wa majira ya baridi. Mvua zikikosekana au vichaka vikiliwa na mifugo hadi kuisha, faga hazipatikani sokoni, jambo linaloonyesha kwamba kanuni ya ushirika inashika hata pale ambapo hapana msitu.

Hoja ya tatu: tunda lililofichwa humhitaji mnyama

Uyoga wa kawaida hudondosha spora zake hewani, na upepo huzichukua. Trufeli imefungwa udongoni na haina njia hiyo. Nasaba nyingi za kuvu, kila moja kwa wakati wake, ziliacha uyoga wa juu na kufikia umbo hili la kufichika, ambalo huilinda spora dhidi ya ukavu na baridi. Gharama yake ni kwamba pawepo mnyama atakayeifukua, aile, na azitoe spora kwenye kinyesi zikiwa bado hai. Ndiyo sababu trufeli iliyokomaa hutoa harufu kali. Kwa muda ilidhaniwa kwamba nguruwe jike huifuata kwa sababu inanukia kama homoni ya nguruwe dume, lakini majaribio ya Ufaransa yaliyochapishwa mwaka 1990 yalionyesha kwamba kinachowaongoza nguruwe na mbwa ni gesi yenye salfa iitwayo dimethaili salfaidi.

Mfano uliochunguzwa kwa kina zaidi unatoka katika misitu ya misonobari na jamii zake huko Oregon, magharibi mwa Marekani. Mwaka 1978 Chris Maser, James Trappe na Ronald Nussbaum walichapisha matokeo ya kuchunguza matumbo ya wanyama wadogo wa misitu hiyo, wakaonyesha kwamba wengi wao hula trufeli kwa wingi, na kwamba baadhi huzitegemea kwa sehemu kubwa ya chakula chao. Miongoni mwao yumo kindi wa usiku mwenye ngozi iliyotanda baina ya miguu, ambaye huteleza hewani kutoka mti hadi mti. Kindi huyo hula trufeli na kuzisambaza spora zake. Naye huliwa na bundi mwenye madoa wa kaskazini, ambaye mwaka 1990 aliingizwa katika orodha ya Marekani ya viumbe vilivyo hatarini. Bundi humtegemea kindi, kindi huitegemea trufeli, trufeli huutegemea mti mzee, na mti huzitegemea spora alizozidondosha kindi pale mche utakapoota. Msitu unapokatwa wote kwa mara moja, trufeli hukosa mizizi hai, na wanyama wanaozila hutoweka au kupungua sana mahali hapo, ikiwa na maana kwamba hata wachukuzi wa spora hawapo tena wakati miche mipya inapowahitaji.

Ushirika wa namna hiyo uko pia Australia, ambako wanyama wadogo wa jamii ya kangaruu wanaoitwa potoruu hufukua trufeli chini ya mikaratusi, na baadhi yao huzifanya kuwa sehemu kubwa ya mlo wao. Afrika nayo inao, ingawa imechunguzwa kidogo. Mwaka 2020 wanasayansi waliieleza rasmi trufeli ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na kuipa jina la Hysterangium bonobo, kwa kuwa sokwe aina ya bonobo walionekana wakiifukua na kuila. Wenyeji wa jamii ya Bongando walikuwa wakiijua siku zote kwa jina la simbokilo, na waliitumia kama chambo cha kunasia wanyama wadogo. Yaani mwindaji alikwisha kujua kwamba wanyama huvutwa na harufu ya kuvu hiyo kabla maabara yoyote haijaipokea sampuli yake. Jambo hilo ni hoja ya kutosha ya kuwataka watafiti waanze kazi yao kwa kuwauliza wanaoishi msituni.

Hoja ya nne: kinachoonekana juu ya ardhi si kipimo cha kilicho chini

Kwa zaidi ya karne moja mtafiti aliyetaka kujua kuvu za msitu alihesabu uyoga. Mambo yalibadilika mwanzoni mwa miaka ya 1990, ilipowezekana kusoma sehemu ya DNA ya kuvu kutoka ncha moja ya mzizi. Mwaka 1996 Monique Gardes na Thomas Bruns walilinganisha uyoga uliokusanywa na mizizi iliyochimbwa katika msitu mmoja wa misonobari wa California, wakakuta kwamba kuvu iliyokuwa ikitoa uyoga kwa wingi juu ya ardhi ilikuwa adimu kwenye mizizi, huku kuvu nyingine zilizoitawala mizizi zikionekana kidogo tu juu, au zisionekane kabisa.

Fundisho lake kwa mhifadhi ni zito. Msitu usiotoa uyoga mwaka fulani si lazima uwe umepoteza kuvu zake, na msitu unaojaa uyoga wa aina moja haujathibitisha kwamba una aina nyingi. Teknolojia hiyohiyo ya vinasaba imeifafanua hata trufeli yenyewe: mwaka 2010 kundi la watafiti lililoongozwa na Francis Martin lilichapisha mpangilio kamili wa vinasaba vya Tuber melanosporum, na miongoni mwa yaliyobainika ni kwamba kuvu hiyo ina jinsia mbili ambazo lazima zikutane ndipo tunda lipatikane. Mkulima aliyeshangaa kwa nini mti wenye mizizi iliyovikwa kuvu ipasavyo hauzai alianza kupata maelezo.

Ukubwa wa kazi iliyobaki unaonekana katika taarifa ya mwaka 2023 ya bustani ya mimea ya Kew, Uingereza, iliyokadiria kwamba duniani kuna spishi za kuvu zipatazo milioni 2.5, ilhali zilizopewa majina ya kisayansi ni takribani 155,000.

Hoja ya tano: mapenzi kwa msitu yasitangulie ushahidi

Wasikilizaji wengi watakuwa wamesoma au kutazama filamu zinazosema kwamba miti huzungumza kupitia kuvu, na kwamba mti mama hupeleka chakula kwa wanawe chini ya ardhi. Mada hii haiwezi kupita bila kulipima dai hilo. Chanzo chake cha kisayansi ni jaribio la Suzanne Simard na wenzake lililochapishwa mwaka 1997, ambapo miche ya aina mbili, betula na mti wa Douglas, ilipewa kaboni yenye alama katika msitu wa British Columbia, Kanada, na alama za mmoja zikapatikana ndani ya mwingine. Mche wa Douglas ulipowekwa kivulini zaidi, ulipokea zaidi. Lilikuwa jaribio la maana, na lilifungua mlango wa tafiti nyingi.

Hata hivyo, mwaka 2023 Justine Karst, Melanie Jones na Jason Hoeksema walizikagua tafiti zilizofuata na kuhitimisha kwamba ushahidi wa msituni bado hautoshi kusema kwamba mitandao ya kuvu inayounganisha miti imeenea kila mahali, au kwamba miche hunufaika nayo kwa jumla. Na kuhusu mti mzazi kuwapendelea wanawe, hawakupata ushahidi wa msituni uliochapishwa. Inastahili kutajwa kwa heshima kwamba Melanie Jones alikuwa pia mmoja wa waandishi wa ile makala ya mwaka 1997. Sayansi hukua kwa watu wa namna hiyo, walio tayari kuipima upya kazi waliyoshiriki wenyewe.

Hoja ya mhadhara huu haihitaji miti inayozungumza. Yaliyothibitika yanatosha: kwamba mti wa ektomikoriza bila kuvu hudhoofika, kwamba kuvu bila mti hai haiishi muda mrefu, na kwamba trufeli bila mnyama haisambai ipasavyo. Juu ya msingi huo sera ya misitu inaweza kujengwa bila hofu ya kubomoka utafiti utakapokosolewa.

Hoja ya sita: miombo ni msitu wa kuvu, na itunzwe hivyo

Historia ya misonobari katika nchi za joto ni shule nzuri ya kuanzia. Huko Puerto Rico miche ya misonobari ilipandwa kwa miaka mingi ikadumaa na kufa, hadi mwaka 1955 ilipopewa udongo wenye kuvu za mizizi kutoka Marekani bara, nayo ikakua. Vitalu vya Afrika Mashariki vilijifunza somo hilohilo, na ikawa desturi kuchanganya katika udongo wa kitalu udongo uliotolewa chini ya misonobari iliyokwisha kustawi. Mashamba makubwa ya misonobari, ambayo mabwana misitu wa Nyanda za Juu Kusini huiita misindano, kama yale ya Sao Hill wilayani Mufindi, ni mashamba ya miti na ya kuvu zake kwa pamoja, ingawa kuvu hazimo katika daftari la shamba.

Ikiwa mti wa kigeni ulihitaji kuletewa mshirika wake, mti wa asili unahitaji mshirika wake asiondolewe. Peter Högberg, aliyechunguza mizizi ya miti ya Tanzania na kuchapisha matokeo mwaka 1982, alionyesha kwamba miti inayotawala miombo, yaani jamii za Brachystegia na Julbernardia, ni ya ektomikoriza. Mkongo, ambao baadhi ya watu wa pwani huuita mbambakofi, uko katika kundi hilo, na mkusu, unaopendwa kwa matunda yake, unashiriki humo pia. Mninga, unaosimama kando ya mtundu katika pori lilelile, hutumia kuvu za aina nyingine. Huko Ituri, nchini Kongo, misitu ya mbau, ambamo mti mmoja hutawala eneo kubwa la msitu wa mvua, nayo ni ya ektomikoriza.

Mazao ya ushirika huo huonekana kila masika kando ya barabara za nyanda za juu na za magharibi mwa Tanzania, kina mama wanapopanga ndoo na mabeseni ya uyoga wa manjano wa jamii ya Cantharellus na uyoga mwingine mkubwa unaoota chini ya miti ya miombo. Kitabu cha Marja Härkönen, Tuomo Niemelä na Leonard Mwasumbi kilichotoka mwaka 2003 kiliorodhesha na kuchora uyoga wa Tanzania pamoja na maarifa ya wanaouchuma, na mwaka 2017 kilitoka kitabu cha namna hiyo kuhusu uyoga unaoliwa wa Haut-Katanga, ambako Kiswahili ni lugha ya soko. Mti ukikatwa kwa ajili ya mkaa au kukaushia tumbaku huuzwa mara moja. Mti huohuo ukiachwa, hulisha kuvu zinazompa mchumaji chakula na fedha mwaka hadi mwaka, na hesabu ya thamani ya msitu isiyoutia uyoga ni hesabu pungufu.

Ipo pia habari njema katika tabia ya miombo. Miti hiyo ikikatwa huchipua upya kwenye visiki na mizizi, na kisiki kinachochipua kina mizizi hai, ambayo ndiyo chakula cha kuvu. Kwa hiyo pori lililokatwa na kuachwa lipumzike lina nafasi kubwa ya kurejea na washirika wake. Hali hubadilika visiki vinapong'olewa, shamba likalimwa kwa miaka mingi, kisha ikaamuliwa kupanda miti ya asili kwa miche ya kitaluni: hapo mche wa mtundu hufika mahali ambapo huenda mshirika wake hayupo tena, na anayeulaumu mche kwa kudumaa huwa hajautazama mzizi.

Hitimisho: kazi iliyo mbele

Waheshimiwa wasikilizaji, yaliyoelezwa yanaelekeza kwenye hatua zilizo ndani ya uwezo wa nchi zetu. Upimaji wa misitu unaohesabu mashina na vipenyo uongezewe sampuli za mizizi na udongo, na sampuli hizo zihifadhiwe na kusomwa katika vyuo vikuu na hifadhi za mimea za ukanda huu. Mipango ya uvunaji katika misitu ya vijiji iweke sharti la kuacha visiki na baadhi ya miti mikubwa ya ektomikoriza, ili kuvu zisikose chakula na miche michanga ipate mahali pa kuambukizwa. Vitalu vya miti ya asili vipewe udongo kutoka chini ya miti mama ya spishi ileile na ya eneo lilelile, usisafirishwe kutoka mbali, kwa kuwa udongo hubeba magonjwa pia. Na trufeli za Afrika, ambazo hadi sasa zimetafutwa kidogo, zitafutwe kwa kuwafuata wanyama wanaofukua na kwa kuwasikiliza wawindaji, wachungaji na wachumaji wa uyoga, ambao majina yao yatajwe katika matokeo pale watakaporidhia.

Kati ya hatua hizo iko moja isiyohitaji kusubiri bajeti. Msimu ujao wa mvua, shule au kamati yoyote ya maliasili yenye kitalu inaweza kuotesha miche ya mtundu katika makundi mawili: kundi la kwanza lipewe udongo wa shamba la zamani uliochanganywa na kiasi kidogo cha udongo kutoka chini ya mtundu mkubwa, na kundi la pili lipewe udongo uleule wa shamba uliochanganywa na kiasi kilekile cha udongo wa mtundu, ila kiasi hicho kiwe kimechemshwa kwanza. Urefu upimwe kila mwezi, mizizi ya miche michache ioshwe na kutazamwa kwa lenzi mwishoni mwa mwaka, na matokeo yaandikwe na kupelekwa kwa ofisa misitu wa wilaya, yawe yanaunga mkono hoja za mhadhara huu au yanazipinga. Wilaya kumi zikifanya hivyo, mhadhara wa mwakani kuhusu mada hii hautahitaji kuanzia Berlin wala Oregon, kwa kuwa utakuwa na takwimu za miombo yenyewe, zilizokusanywa na watu wanaoitegemea.